Siku Nne Awendo, Katika Nchi ya Miwa



Baadhi ya wasomaji wetu wametuuliza tulikuwa wapi hata darsa ya akina mama ya Jumatano ikakosa mwenye kuiendesha. Tulikuwa Awendo, katika kaunti ya Migori, upande wa pili kabisa wa nchi yetu. Na mtu wa umri wetu, ambaye magoti humlalamikia kila apandapo ngazi ya msikiti, hasafiri zaidi ya kilomita 800 kwa matembezi tu. Basi na tuanze na lililotutoa barazani.

Simu ililia usiku baada ya Isha. Mpigaji alikuwa binti mmoja wa Likoni tuliyemsomesha Juzuu Amma angali mdogo. Ameolewa na kijana wa Kijaluo aliyesilimu alipokuwa Mombasa katika kazi za ujenzi, na sasa anaishi kwa wakwe zake, mwendo mfupi kutoka mji wa Awendo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyesilimu pamoja na kakake miaka ile ile, alikuwa amejiua alfajiri ya siku hiyo.

"Maalim," alisema, "wazee wa ukoo wanataka azikwe usiku huu, nje ya boma, bila kilio. Na kijana anayetusalisha hapa anasema hajui kama inafaa kumsalia. Tufanye nini?"

Tulimjibu papo hapo: mwosheni, mkafinini, msalieni, na mzikeni kama anavyozikwa Muislamu. Kauli ya wanazuoni walio wengi, nasi Mashafii tukiwamo, ni kwamba aliyejiua ametenda dhambi kubwa lakini hakutoka katika Uislamu kwa kitendo hicho. Ni kweli imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maiti ya mtu aliyejiua naye hakumsalia. Lakini wanazuoni wameifahamu hadithi hiyo kuwa ni makemeo kwa walio hai, na kwamba masahaba walimsalia. Katika kitabu hicho hicho imo habari ya sahibu yake Tufayl bin Amr, aliyehama naye kwenda Madina, akaugua, akakosa subira, akajidhuru mikono hata akafa. Tufayl akamwona ndotoni akiwa katika hali njema ila mikono yake imefunikwa. Mtume alipoelezwa ndoto ile hakumlaani mtu yule. Aliiombea msamaha mikono yake.

Yule binti alishukuru akakata simu. Sisi tulibaki tumekaa, kwa kuwa swali lile halikuwa geni kwetu, na mara ya kwanza tulipoulizwa hatukujibu hivyo.

Yapata miaka ishirini na mbili iliyopita, katika mtaa tuliokuwa tukisalisha huku pwani, kijana wa miaka kumi na tisa alijiua. Tulijizuia kumsalia, tukamsukumia mwadhini kazi hiyo. Hilo lina mlango wake katika elimu. Lisilo na mlango ni tulilolisema Ijumaa iliyofuata juu ya mimbari, kuhusu wazazi wanaolea watoto pasipo imani, ilhali tukijua kwamba mama yake yumo nyuma ya pazia anasikiliza. Hakurudi tena katika msikiti ule. Miaka sita baadaye tulipata habari ya kufa kwake, nasi hatukuwa tumemwomba radhi. Wiki tatu baada ya simu ile ya Likoni tulifunga mkoba wetu. Siku tatu za taazia zilikuwa zimekwisha pita, na tunajua kanuni. Lakini kumzuru mwenye msiba hakuna aliyekuwekea tarehe ya mwisho.

Treni ilitufikisha Nairobi, na kutoka huko tulipanda basi la usiku lililopita Narok na Bomet. Kulipopambazuka tulikuwa Kisii, penye migomba na majani ya chai na vilima vilivyolimwa hadi kileleni, hata mtu hujiuliza ng'ombe hulala wapi. Ukishuka kutoka Kisii kuelekea Rongo, nchi hufunguka na miwa huanza. Miwa kulia, miwa kushoto, na matrekta yenye matela marefu yakienda polepole barabarani, na watoto wa shule wakiyakimbilia kuchomoa muwa mmoja mmoja. Karibu na Awendo hewa huwa na harufu tamu iliyoungua kidogo. Yule kijana wa matatu alitwambia kwa fahari, "Hiyo ni harufu ya pesa, mzee." Abiria mmoja nyuma akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha furaha.

Awendo ni mji wa kiwanda. Kampuni ya sukari ya South Nyanza, ambayo kila mtu huiita SONY, iliundwa mwaka 1976 na kinu chake kikaanza kusaga mwaka 1979. Kabla ya hapo wenyeji, Wajaluo wa Sakwa, walilima mtama na mahindi na kufuga. Kiwanda kilileta barabara, nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule, hata mpira: timu ya SoNy Sugar ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006, na mwenyeji wetu, mume wa yule binti, alitusimulia jinsi yeye na marehemu mdogo wake walivyouza karanga uwanjani siku za mechi wakiwa watoto. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30. Kama hilo litawafaa wakulima au la, si sisi wa kusema. Tuliyoyasikia barazani yalikuwa ya kila namna. Tulilojionea ni kwamba katika mji wa aina hii mtu hutazama bomba la moshi kama sisi tunavyotazama bahari. Likitoa moshi, siku ina mpango. Lisipotoa, wanaume hukaa.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu watataka kujua tulilala wapi na kula nini. Tulilazwa katika nyumba ya bati iliyo safi, na usiku kukawa na baridi ambayo mtu wa pwani hukumbuka mke wake alimwambia achukue sweta. Tulikula ugali kwa mnavu na omena, na siku ya pili wakatuchinjia kuku. Yule binti wetu anapika omena kwa nazi ya unga inayouzwa dukani, na mavyaa wake anaila huku akitikisa kichwa kama mtu anayesamehe. Jirani humwita Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, kwa kuwa huko mwanamke huitwa kwa alikotoka. Sisi tuliitwa Jaduong', ambalo ni jina la heshima la mzee, na tukalipokea.

Mama wa marehemu ni mjane wa miaka sabini na ushei, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Yeye si Muislamu. Ni mtu wa kanisa, na tulipofika alitupokea amesimama mlangoni. Nyuma ya nyumba, karibu na ua, palikuwa na kisiki kibichi cha mti, na mashina ya mizizi yamechomwa moto. Hatukuuliza. Kwa mila ya Wajaluo mti wa namna hiyo hukatwa na kuchomwa. Maiti yenyewe zamani ilichapwa viboko kabla ya kuteremshwa, ikazikwa usiku, nje ya boma, na hakuna mtoto aliyepewa jina la mtu yule tena. Tusiwacheke. Makusudio yake ni yale yale tuliyokuwa nayo sisi juu ya mimbari: kuwatisha waliobaki. Tena katika boma lile, wazee walikubali mwisho azikwe ndani ya ua, mchana, baada ya mumewe binti kusimama mbele yao akasema ndugu yake ni Muislamu na atazikwa na Waislamu. Kijana wa msikitini alisalisha. Walikuwa watu kumi na mmoja.

Jioni ya siku ya pili yule mama alituita chini ya mwembe. Alizungumza Kidholuo, na mkwewe akitutafsiria, ingawa Kiswahili anakijua. Nadhani alitaka maneno yapite kwa mtu mwingine kabla hayajatufikia.

"Jaduong', mume wangu alikufa hawa wawili wakiwa wadogo. Nilipika chang'aa miaka tisa. Karo ya wote wawili ilitoka ndani ya pipa lile. Walikuwa wakinisaidia kuchota maji ya kupozea. Sasa niambie. Ni mimi niliyemuua?"

Tulimwambia kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine.

"Hilo nimeambiwa kanisani pia," akasema.

Tukanyamaza. Elimu yetu yote ya miaka arubaini ilikuwa imekwisha kwa sentensi moja, na ilikuwa sentensi aliyokuwa nayo tayari. Tulikaa naye mpaka giza likaingia. Baadaye alianza mwenyewe kutueleza kijana wake alikuwa mtu wa namna gani, na mengi ya tuyaandikayo hapa chini tuliyatoa kwake na kwa mwanawe mkubwa, kwa idhini yao, ila majina yao tumeyaacha.

Baba yao alikufa miaka ile ya maradhi. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba ukimwi ulipoingia nchini haukuumiza mahali popote kama ulivyoumiza upande wa ziwa. Homa Bay, Siaya, Kisumu na Migori ndizo kaunti zilizobaki na maambukizo makubwa kuliko nyingine zote. Katika miaka ya 1990 kulizikwa watu kila Jumamosi. Watoto waliozika baba na ami na shangazi kwa mwaka mmoja, hakuna aliyewauliza wanajisikiaje, kwa kuwa aliyepaswa kuuliza naye alikuwa anazika. Watoto hao leo ni wanaume wa miaka thelathini na arubaini. Tunapowaona wamekaa kilabuni saa nne asubuhi husema ni wavivu. Huenda wengine ni wavivu. Lakini tuliwahesabu kwa akili yetu, tukaona ni rika lile lile.

Pili ni jambo la kula. Zamani, kwa alivyotueleza mzee mmoja jirani, kila boma la Mjaluo lilikuwa na duol, kibanda cha mzee karibu na zizi la ng'ombe. Jioni wanaume wote na vijana walikusanyika hapo, wakala chakula kutoka nyumba zote za wake, na kijana akasikia mambo ya ukoo, akakemewa, akasifiwa, akaulizwa. Mabinti nao walikuwa na nyumba ya bibi yao, siwindhe, walikofunzwa na kulala. Leo duol ni nadra sana. Mwanamume hula peke yake au hali, na mahali pekee anapokaa na wanaume wenzake jioni ni pale penye chupa. Mzee yule alisema neno ambalo hatujaacha kulifikiri: kwamba kilabu ndicho kilichorithi kiti cha duol, kwa kuwa wanaume lazima wakae mahali.

Na tatu ni fedha, au tuseme aibu ya fedha. Muwa wa huku hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mkulima hukopeshwa kulimiwa, mbegu, mbolea na usafiri, na vyote hukatwa katika malipo. Malipo yenyewe katika viwanda vya sukari vya nchi hii yamejulikana kwa kuchelewa, miezi kwa miezi. Marehemu alirudi kutoka Mombasa kazi ilipokwisha, akapewa sehemu ya shamba, akapanda miwa, akaipeleka kiwandani (viwanda viko zaidi ya kimoja katika eneo hilo, nasi hatutaji) na alipopata karatasi ya malipo, baada ya kukatwa, kilichobaki hakikufika bei ya gunia la mahindi. Mkewe alikuwa amesubiri siku ile kwa ajili ya karo. Hakumlaumu, yule mama alisisitiza, hakusema neno. Lakini mtoto wake alilala kilabuni usiku ule, na tangu hapo hakutazama mtu machoni.

Tusije tukadhani kwamba deni huua watu. Wadeni ni wengi na wanaishi. Linaloonekana kuua ni pale mtu anapojihesabu nafsi yake kuwa ndiyo deni, akaona kwamba watu wa nyumbani wangekuwa na nafuu asingekuwapo. Ni uongo, na kila mjane na kila yatima anaweza kushuhudia kwamba ni uongo. Ila mtu aliye ndani yake huuona kama hesabu iliyonyooka.

Ama pombe yenyewe, siku ya tatu baada ya Alasiri tulikaa kwenye kijisikiti cha mjini na wanaume saba, baadhi yao Waislamu na baadhi yao si Waislamu ila walikuja kwa kuwa walisikia kuna mgeni. Mmoja wao, fundi baiskeli, alituambia waziwazi: "Sinywi kwa furaha, Jaduong'. Nanywa nipate kulala." Hapo tuligundua kwamba maisha yetu yote tumekuwa tukihutubia watu wanaokunywa kwa furaha. Yule hunywa kama mgonjwa anavyomeza dawa, na dawa yenyewe ni mbaya: usingizi wa pombe huja upesi na kukatika usiku wa manane, na anayeamka saa hizo huamka na moyo mzito kuliko aliolala nao. Kisha pombe ina jambo la pili, ambalo madaktari wanalijua vyema: huondoa ile hofu na kusita ambako Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya kila kiumbe kama ukuta kati yake na mauti. Mtu mwenye mawazo ya kujiua akiwa mzima wa akili husita. Akilewa, ukuta umelala.

Na chang'aa katika nchi ya miwa haina gharama. Molasi ipo, sukari guru ipo, mto upo. Serikali ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, ikaihalalisha kwa masharti kwa sheria ya mwaka 2010, na wapikaji wa vijijini hawakuwahi kufuata ile ya kwanza wala masharti ya ile ya pili. Wengi wa wapikaji ni wanawake, na wengi wa wanawake hao ni wajane wenye watoto shuleni. Tulipokuwa vijana tungesema maneno makali juu yao. Qur'ani yenyewe haikuiharamisha pombe kwa siku moja. Ilishuka daraja kwa daraja, mpaka watu walipokuwa na kitu kingine cha kushika. Na katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume kwa kulewa, akaadhibiwa, na mmoja wa waliokuwapo alipomlaani, Mtume alimkataza, akasema kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo, laana ikakatazwa. Sisi mara nyingi tumefanya kinyume.

Mpwa wetu aliyeko Toronto, tulipomwambia kwa simu tuko wapi na kwa nini, alitueleza habari za wenyeji wa asili wa kaskazini ya Kanada, tusizozijua. Katika kijiji cha Attawapiskat, cha watu wa kabila la Wakree wapatao 2,000, viongozi walitangaza hali ya hatari mwezi wa Aprili 2016 kwa wingi wa waliokuwa wakijaribu kujiua, wengi wao vijana wadogo. Watu hao babu zao walichukuliwa wakiwa watoto na kutiwa katika shule za bweni za serikali na makanisa, wakakatazwa lugha yao, na shule hizo ziliendelea hadi miaka ya 1990. Pombe na kujiua vilifuata, na wengi walisema ni tabia ya watu wale. Lakini wataalamu wawili, Michael Chandler na Christopher Lalonde, walizichunguza jamii karibu 200 za wenyeji wa jimbo la British Columbia, na mwaka 1998 wakachapisha walichokiona: zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikupoteza hata kijana mmoja katika miaka iliyochunguzwa, ilhali nyingine zilipoteza wengi mno. Zilizosalimika zaidi ni zile zilizoshika mambo yao wenyewe, shule zao, zahanati zao, ardhi yao na mahali pa kuhifadhi mila zao. Baadaye waliona vivyo hivyo kwa lugha: palipozungumzwa lugha ya mababu, vijana walibaki hai.

Hatusemi Awendo ni Kanada. Wajaluo hawajapoteza lugha yao, na watu wa Sakwa wanajua kaburi la babu wa babu yao liko wapi. Ila habari ile ilitufanya tumkumbuke yule mzee na duol yake.

Na itakuwa dhulma tukiandika haya kama kwamba ni mambo ya bara. Sisi wa pwani tuna unga, tuna muguka, tuna mnazi nyuma ya nyumba, na tuna vijana wanaokufa kwa namna ambazo tangazo la msikitini husema tu "amefariki ghafla." Tunaficha kwa sitara, na sitara ni jambo jema, lakini sitara iliyomfunika maiti imemfunika pia ndugu yake aliye hai, mwenye mawazo yale yale, asipate wa kumwambia. Huko Awendo wakisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, huku sisi tunasema ni jini, na pande zote mbili mganga hulipwa kwanza na daktari huitwa mwisho. Hatukanushi kuwapo majini. Tunasema mtu ambaye halali, hali, anagawa vitu vyake, anaaga watu pasipo safari, na anasema angalau nyinyi mtapumzika, huyo aulizwe waziwazi: je, unafikiri kujiua? Tulikuwa tukiogopa kwamba kuuliza kunampa mtu wazo. Wanaoshughulika na wagonjwa hawa wanasema sivyo. Kuuliza humpa mlango. Kisha asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Hapa kwetu Mombasa kipo kitengo cha maradhi ya akili cha Port Reitz, na si aibu kuonekana pale.

Liko jambo jingine ambalo familia hazilijui. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujiua akanusurika kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, na hofu hiyo iliwafanya watu wamfiche mgonjwa nyumbani. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Duniani watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Hawawezi kuwa wote walikosa imani. Tumewahi kuwaosha baadhi yao, na vidole vyao vilikuwa na alama za tasbihi.

Yule fundi baiskeli alitufuata njiani tulipotoka msikitini. Alisema naye mwaka juzi alikuwa ameamua, na kilichomzuia ni kwamba mteja alikuja na gurudumu lililopasuka, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akamwomba alishughulikie upesi kwa sababu anakwenda kliniki. Akalishughulikia. Alipomaliza, ile saa ilikuwa imepita. Tulimuuliza kama amewahi kumweleza mtu. Akasema, "Wewe sasa." Tulimwomba amweleze na mtu wa pili, aliye karibu kuliko Mombasa, tukamkutanisha na mwenyeji wetu. Wamekubaliana kula pamoja jioni za Jumanne na Ijumaa, pamoja na wale wengine watakaopenda, nyuma ya msikiti, ugali na chochote kitakachokuwapo. Imamu kijana ameuliza kama asiye Muislamu anaweza kuja akala. Tumemwambia swali hilo asilirudie tena.

Asubuhi ya kuondoka, mama mwenye nyumba alitufungia karanga na sukari guru ndani ya gazeti. Tulimwambia habari ya mama wa pwani na mimbari yetu. Hatukujua kama ni sawa kumtwika mtu mwenye msiba mzigo wetu, lakini tulimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza yule mwanamke alikuwa na watoto wengine. Tukasema, binti mmoja. Akasema, "Basi yuko wa kuombwa." Tangu turudi tumeanza kumtafuta binti huyo, tumeambiwa ameolewa Lamu.

Kisha mama akauliza lililokuwa moyoni mwake siku zote nne. Mkwewe ana mimba ya miezi saba. Kwa mila jina la marehemu halirudi. Je, kwa dini yetu mtoto anaweza kuitwa jina la ami yake, aliyekufa vile?

Tukamwambia anaweza. Wazee wa ukoo, tulivyosikia, bado wanalizungumza.